Lusitania: jina hili ni la nani?

Ukitaja Lusitania leo, wengi hukumbuka meli. Ilikuwa ya kampuni ya Cunard ya Uingereza, na Mei 7, 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha karibu na pwani ya Ireland kwa dakika 18 tu. Watu wapatao 1,200 walikufa. Cunard ilipenda majina ya majimbo ya Dola ya Roma, na Lusitania lilikuwa mojawapo. Dada wa meli hiyo aliitwa Mauretania. Waingereza waliazima tu. Ubishi wa kweli uko Ureno, ambako jina hilo limefanywa la ukoo: Wareno hujiita wazao wa Walusitania, kabila la kale la jimbo hilo.

Wanaoupinga ukoo huo wana ramani mkononi. Makao makuu ya jimbo la Lusitania yalikuwa Mérida, mji ulio Hispania hadi leo. Mpaka wa kaskazini ulikuwa Mto Douro, ilhali Guimarães, ambako Wareno wenyewe husema taifa lao lilizaliwa, iko ng'ambo ya mto, nje kabisa ya jimbo. Katika karne ya 19 mwanahistoria wao Alexandre Herculano aliukataa undugu huo waziwazi.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Lisbon na karibu kusini yote ya Ureno vilikuwa ndani ya jimbo. Viriathus, kiongozi wa Walusitania aliyewasumbua Warumi hadi wenzake walipohongwa wakamuua mwaka 139 KK, ni shujaa wa kweli. Tena tangu 1572, mshairi wao Camões alipochapisha Os Lusíadas, utenzi unaomfuata Vasco da Gama hadi Mombasa na Malindi, Wareno wamejitambua kwa jina hilo. Kwa nasaba naona Herculano alikuwa sahihi. Lakini jina lililobebwa zaidi ya miaka 400 ni mali ya aliyelibeba.

Kinachonikera ni kulitwika wengine. Msumbiji huhesabiwa katika "lusofonia", yaani nchi za wasemaji wa Kireno, neno lililotokana na Lusitania, na Mmakonde wa Cabo Delgado anajikuta chini ya jina la kabila lililopigana na Roma. Watetezi hujibu kwamba Frelimo yenyewe, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilichagua Kireno kiwe lugha rasmi, ili kuunganisha makabila. Ni kweli, na uamuzi ule ulikuwa na mantiki. Ila Frelimo ilichagua lugha, haikuchagua mababu. Hata jumuiya iliyoundwa Lisbon mwaka 1996, Msumbiji ikiwemo, ilijiita Jumuiya ya Nchi za Lugha ya Kireno. Jina hilo linatosha.