Jarida lililolishwa na reli, likazihoji reli

Hoja ya wakosoaji inajulikana: jarida la sekta ni mpiga debe wa sekta. American Railroad Journal, lililoanza New York mwaka 1832 chini ya D. Kimball Minor, linaipa hoja hiyo nguvu. Matangazo na wasomaji wake wengi walitoka katika biashara ya reli. Mwaka 1849 likanunuliwa na John A. Poor, mtu aliyekuwa akipigania reli ya kutoka Portland, jimbo la Maine, hadi Montreal, Kanada, naye akamkabidhi uhariri mdogo wake, Henry Varnum Poor. Kwa maneno mengine, mwenye mali alikuwa mwenye maslahi.

Hata hivyo, kuishia hapo ni kumdhulumu Henry. Kati ya 1850 na 1860 reli za Marekani ziliongezeka kutoka takriban maili 9,000 hadi zaidi ya 30,000, kwa fedha za watu wa Boston, New York na hata London, ambao wengi wao hawakuwahi kuziona njia hizo. Tume ya kitaifa ya kusimamia reli ilikuja 1887. Kabla ya hapo, mkurugenzi aliyeamua kuficha hesabu zake alikuwa na nani wa kumwogopa?

Tazama jedwali la hisa la jarida hilo. Kila kampuni ina mstari wake: urefu wa njia, mtaji uliolipwa, deni, gharama ya ujenzi, mapato, gawio, bei ya hisa. Ambaye hesabu zake hazikupatikana, nafasi yake ilibaki tupu, jirani zake wamejaza juu na chini. Kwangu mimi, nafasi hizo tupu zina uzito kuliko tahariri zote za Poor. Mwenye fedha London hakuhitaji kuambiwa kampuni ni mbaya. Aliona mwenyewe nani amekaa kimya, akaamua pa kupeleka pauni zake.

Ni kweli jedwali halikamati mwizi. Mwaka 1854 ilibainika kwamba Robert Schuyler, rais wa reli ya New York na New Haven, alikuwa ametoa hisa zisizo halali za karibu dola milioni 2. Takwimu zinazoletwa na mwenye kampuni zina udhaifu huo, na hapa wakosoaji wako sahihi kabisa. Lakini dawa ya udhaifu huo ni kuuliza zaidi, na ndicho alichofanya Poor. Baada ya kuliacha jarida, mwaka 1868 alianza kuchapisha kitabu cha kila mwaka cha hesabu za reli, na kampuni iliyotokana na kazi hiyo iliungana na Standard Statistics mwaka 1941, ikawa Standard & Poor's.

Leo kampuni hiyo hupima uwezo wa serikali kulipa madeni yao, Kenya ikiwamo, na kwa kawaida anayepimwa ndiye anayelipa. Lawama ni ileile ya 1849. Ningependa wanaoitoa watuambie pia nani mwingine angegharimia maswali hayo, na kama mkopeshaji angekuwa salama zaidi bila mkopaji kuulizwa lolote.