Mashemeji, sheikh wa nini?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, wimbo wa Kondele na Kibuye, mitaa ya Kisumu, ni ule ule: Gor Mahia inahitaji sheikh, tajiri wa Kiarabu wa kuinunua. Mashabiki wa AFC Leopards kule Kakamega wanaitikia, maana ubingwa wa ligi waliuonja mara ya mwisho mwaka 1998. Hoja yenyewe huwa fupi. Manchester City walikuwa timu ya kawaida, Abu Dhabi wakaja 2008, siku ile ile Robinho akatua kwa pauni milioni 32.5, na 2023 wakabeba mataji matatu makubwa kwa msimu mmoja. Basi nasi tutafutiwe mtu wa namna hiyo.

Ukiisikiliza kutoka huku Dortmund, Ujerumani, hoja hiyo ni ya mtu mwenye shamba lake anayeomba aajiriwe kibarua ndani yake.

Ujerumani wana kanuni ya 50+1, tangu 1998. Klabu ikiunda kampuni ya kuendesha timu, tajiri anaruhusiwa kununua hisa, lakini nusu ya kura na moja zaidi lazima zibaki kwa chama cha wanachama. Bayern yenyewe imewauzia Adidas, Audi na Allianz robo tu. Robo tatu ni ya wanachama. Anaweza kuja bilionea na mabegi yake, bado hawezi kubadilisha rangi ya jezi wala kuhamisha timu mji.

Sasa omera, hebu ishike katiba ya K'Ogalo, yaani Gor, mkononi. Gor ya 1968 ni ya wanachama. Ingwe, yaani Leopards, iliyoanza 1964 kwa jina la Abaluhya United, ni ya wanachama. Hakuna mtu mmoja mwenye cheti cha kuimiliki. Kwenye karatasi sisi tuko karibu na Wajerumani kuliko na Waingereza, na tunawaonea wivu Waingereza!

Tofauti iko kwenye neno "mwanachama". Nyumbani mwanachama ni yule mwenye sauti: amepanda basi la usiku kwenda Nairobi kwa debi ya Mashemeji, Gor na Leopards, amevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi, na anajua kikosi cha 1987 kilichowashinda Espérance wa Tunis kwa bao la ugenini, jina kwa jina. Ada hajalipa. Huku mwanachama ni yule aliyelipa. Bayern ni karibu euro 60 kwa mwaka, kama shilingi 9,000, na waliolipa wanapita 300,000. Ukilipa unaingia mkutano mkuu, unasomewa hesabu, kisha inapigwa kura ambayo nyumbani hatuna hata jina lake: kura ya kuwaondolea viongozi lawama kwa mwaka uliopita. Ukiwanyima, umewaaibisha hadharani. Hata vilabu vidogo vya mtaani, ambavyo kisheria vinahitaji watu 7 tu kusajiliwa, kwa kawaida huchagua wakaguzi wawili kutoka kwa wanachama wenyewe, wakakaa na mweka hazina wakilinganisha risiti moja moja na taarifa ya benki.

Tupige hesabu ya Kisumu. Wanachama 10,000, kila mmoja shilingi 100 kwa mwezi: milioni 12 kwa mwaka. Wachezaji 25 kwa mshahara wa 50,000 kwa mwezi ni milioni 15 kwa mwaka. Kwa hiyo bei ya chapati chache na chai inalipa mishahara ya miezi tisa na zaidi, kabla hujagusa kiingilio, mdhamini wala jezi. Kinachoharibu mpango huu kinajulikana. Pesa inatumwa kwa nambari ya simu ya kiongozi badala ya Paybill, nambari ya malipo, ya klabu, orodha ya wapiga kura inafunguliwa tena siku mbili kabla ya uchaguzi, na mlangoni watu wanapita kwa "mimi ni wa ofisi". Kisha mchezaji au kocha asiyelipwa anapeleka kesi FIFA, klabu inafungiwa kusajili, na vilabu vyote viwili hilo vimeshalionja. Sheikh hatibu ugonjwa huo. Atakuta mlango wa nyuma uko wazi.

Na hata hao wenye pesa, tuwachunguze. Wana Chelsea wa Oile, Kisumu, hupenda kusema "tumemnunua Caicedo 115", yaani pauni milioni 115. Kwenye vitabu vya hesabu haikuandikwa hivyo: bei hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Mkataba ni wa miaka 8, kwa hiyo gharama ya kila mwaka ni kama pauni milioni 14.4; ungekuwa wa miaka 5 ingekuwa 23. Ndiyo siri ya Enzo Fernández kupewa miaka minane na nusu. UEFA ikaziba mwanya kwa kuweka kikomo cha miaka 5 cha kugawanya gharama, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata Desemba 2023. Ujanja huo una meno: mchezaji wa bei hiyo baada ya miaka 3 bado ana thamani ya karibu milioni 72 kitabuni. Kiwango kikishuka ukamuuza 50, unaandika hasara ya 22 palepale.

Everton walikuwa na bilionea, wakavuka hasara iliyoruhusiwa ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na msimu wa 2023/24 wakapoteza jumla ya alama 8. Hao hao Everton waliowafunga Gor 4-0 Goodison Park Novemba 2018, vifua vyote viwili vikiwa na jina la SportPesa. Mwaka uliofuata kampuni ikagombana na serikali kuhusu leseni na kodi, ikajiondoa, na vilabu vyetu vikabaki vikihangaika na nauli. Ukimtegemea mfadhili mmoja, ugomvi wake na serikali unakuwa njaa yako.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tunalijua hilo bila kufundishwa na Mzungu. SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa 2006. Mwaka 2019 iliondolewa ligini kwa kukosa kufika mechi. Bei ya miwa ikiyumba na mshahara wa kiwandani ukichelewa, mchezaji ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri. Leverkusen wa Ujerumani nao ni timu ya kiwanda, cha dawa, wakaruhusiwa nje ya 50+1, na 2024 wakatwaa ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Ila kiwanda hicho hakijafungwa.

Sisemi kura ni dawa. Schalke, jirani zetu wa Gelsenkirchen, ni mali ya wanachama kwa asilimia mia, na bado madeni yaliwafikisha daraja la pili mara mbili, 2021 na 2023. Bayern nao walichukua ligi mara 11 mfululizo hadi ikachosha. Wanachama wakipiga makofi kila hesabu ikisomwa, ni sawa na kutokuwepo.

Halafu kuna pesa ambayo haihitaji tajiri kabisa. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa mwanzo minne, 0.5 kwa kila msimu baada ya hapo. Michael Olunga aliichezea K'Ogalo 2015 akiwa na miaka 21. Kwa kila euro milioni 1 anayouzwa, msimu ule mmoja una euro 5,000, kama shilingi 750,000, mshahara wa mwezi wa wachezaji 15 katika ile hesabu yetu. Tangu Novemba 2022 FIFA hupiga hesabu hiyo kwa kufuata kumbukumbu za usajili: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, klabu gani. Mtoto wa miaka 12 anayecheza mtaa wa Nyalenda, Kisumu, leo, tarehe zake zikiwa tu kwenye daftari la kocha, na daftari limeloa mafuriko ya Aprili, FIFA haitajua kwamba aliwahi kucheza hapo.