Fundi anayetaja bei akiwa mlangoni mwogope

Kuna fundi wiki hii amenipandisha presha na wala si mimi niliyemwita. Kaja kwa dada yangu Kivule, nyumba walinunua ikiwa imeshajengwa, sebule imebonyea upande wa ukuta wa choo, ukideki maji yote yanakimbilia huko na kabati la TV limewekewa kipande cha mbao chini lisianguke. Huyu bwana hata ndani hajaingia, kasimama mlangoni, kachungulia, kasema: "Hii kawaida mama, tunang'oa taili tunaweka mpya, pale palipozama gundi itameza. Nipe hela ya material leo, kesho naanza."

Gundi itameza!

Jamani, sakafu haizami kwa sababu taili zimechoka. Dar hii tunajua nyumba zinavyojengwa, msingi ukishapanda zinaletwa tripu za kifusi, kinamwagwa chote kwa mkupuo, vijana wanakikanyagakanyaga na ndoo mbili za maji, jioni jamvi, yaani zege la sakafu, linamwagwa na bosi anatumiwa picha WhatsApp. Kifusi kinatakiwa kiende kwa tabaka, sentimita 15 hivi, maji, shindilia, ndo uongeze nyingine. Usipofanya hivyo kitajishindilia chenyewe taratibu, jamvi linabaki halina kitu chini mpaka linapasuka. Au bomba linavuja chinichini linahamisha mchanga. Hilo kulijua mbona bure tu, funga koki zote mpaka ya kujazia simtanki, nenda kaangalie mita ya DAWASA, ikiendelea kuzunguka ujue kuna maji yanakwenda mahali. La maji machafu mita haitakwambia, hapo ifunguliwe chemba.

Sasa mtu asiyeuliza lolote kati ya hayo anakuuzia nini? Anaongeza uzito juu ya kitu kinachozama, halafu ukimpigia mwakani namba haipatikani.

Dada akaita mwingine, kijana mpole, kaja na mpira wa maji wa kupimia usawa na penseli. Kachora mstari kuzunguka kuta zote, akawa anapima kutoka kwenye mstari kwenda chini, anaandika kwenye kipande cha boksi: mlangoni mita 1, katikati mita 1 na sentimita 1, kona ya choo mita 1 na sentimita 4. Kagonga taili kwa mpini wa nyundo, zingine zinalia wazi kabisa. Halafu ndo akaanza kuuliza, ilianza lini, mvua zikinyesha inaongezeka, kuta zina nyufa za kukata mshazari kwenye kona za madirisha? Maana zikiwepo, kasema, "hiyo siyo kazi yangu tena dada, tafuta injinia kwanza." Mimi mtu anayekataa hela kwa sababu kazi imemzidi ndo nampa kazi.

Bei hakutaja siku hiyo. Ila hela ya kuja kuangalia alichukua, na shemeji kanuna mpaka leo.

Haya, nikubali, kuna sakafu ambazo hazizami wala nini, skridi tu, ile plasta ya juu ya jamvi, ilipigwa na mtu aliyekuwa na haraka, hizo ukisawazisha upya yanaisha na yule wa mlangoni angeziweza. Lakini utajuaje kama hujapima?

Mengine mnayajua: mwandikishiane, usilipe yote mwanzoni, kaone kazi yake ya zamani siyo picha kwenye simu. Kazi kubwa tafuta mkandarasi aliyesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, kwa sebule moja sijui kama utampata wa kuja.

Kwa dada upande ule inabidi wavunje jamvi, watoe kifusi, washindilie upya, nailoni ya kuzuia unyevu, BRC (wavu wa chuma), zege, na zege hilo limwagiliwe wiki nzima kabla mtu hajaanza kuwaza taili. Shemeji anauliza kama itakuwa tayari sikukuu. Nimemwambia wageni wakae barazani.