Boneti Moja, Sahani Moja

Jamani, shida yangu ilikuwa ndogo tu. Kijana wangu kaosha gari kwa sponji ya vyombo, tena kwa ule upande wa kijani wa kusugulia masufuria. Sasa IST yangu nyeusi ikisimama juani, boneti lote mikwaruzo kama tando za buibui. Fundi akanitajia bei, nikamuuliza kama hapo ananipa na gari jingine. Nikasema basi, nanunua mashine, napolishi mwenyewe.

Gerezani pale Dar, duka la kwanza, muuzaji ananiletea grenda. Grenda! "Bosi, hii inakata nondo, inasaga, ukiivalisha sponji inapolishi." Nikasoma kibandiko: mizunguko 11,000 kwa dakika. Kaka, mimi nataka gari ling'ae, sitaki mishkaki. Ile kilia, tabaka angavu la juu ya rangi, unene wake haufiki hata wa karatasi ya daftari. Grenda ikigusa ukingo wa mlango, unaiona praima ya chini ya rangi hiyo hapo.

Duka la pili ndipo kichwa kilipouma. Kuna mashine ya mzunguko mmoja, inakwenda 600 mpaka 3,000, inakula mikwaruzo kweli kweli. Ila ukizubaa nayo mahali pamoja umeunguza rangi, na mkono usiozoea unaachiwa mawimbi ya duara utakayoyaona ukipita chini ya taa za sheli. Halafu kuna ya DA: inazunguka huku inayumba, kama mjomba kwenye muziki wa harusi. Haiunguzi ovyo, lakini ina kisirani. Ukiikandamiza inagoma kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Eti nichore mstari wa makapeni kwenye kisahani chake nijue inapozunguka na inaponidanganya. Yaani ninunue mashine, halafu niilinde kama mtoto wa chekechea!

Nikachukua DA. Kumbe hiyo ni posa tu, mahari bado: sponji ngumu, sponji laini, kompaundi ya kuondoa mikwaruzo, polishi, taulo za maikrofaiba, tepu ya kufunikia plastiki. Sponji laini, nakiri, nimenunua kwa hela ya luku.

Jumamosi saa 12 asubuhi, bodi bado ya baridi. Kompaundi matone manne, nikajaribu kwanza kipande katikati ya boneti. Taratibu, huku na huku, nikafuta. Walahi nikaona ndevu zangu, moja moja! Nikamwita Mama Neema. Akainama, akajitazama, akaweka kilemba sawa. Nikawasha tena nimwoneshe ufundi.

Kimya.

Nikatikisa waya. Nikapiga swichi. Mama Neema akanitazama bila kusema neno, akaingia ndani. Jioni akanunua umeme kwa hela yake, kwa sharti: taa na friji tu, mashine isubiri mshahara.

Leo tarehe 9. Boneti lina duara moja linalong'aa, ukubwa wa sahani ya pilau, na kwa ajili yake gari lote lililobaki linaonekana limetoka kubeba mkaa. Kila jirani akipita anasimama, anashika kiuno: "Pole, Baba Neema. Hapo uligongwa?"