Koni 6 kwa tanuri ya stima: si kila chungu kinaitaka

Wafinyanzi wa huku Kisumu na Kakamega wako na ubishi mmoja hauishi. Wengine wanasema kuni imepanda bei, tununue tanuri ya stima tuchome hadi koni 6 (koni ni kile kipande kidogo cha udongo kinachopinda ndani ya tanuri kuonyesha moto umefika), yaani karibu digrii 1220 za Selsiasi, ndio tuuzie mahoteli vikombe vya maana. Wengine wanasema hizo ni pesa za kutupa, nyungu imechomwa kwa kuni na nyasi tangu enzi za nyanya zetu na pale Ilesi, Kakamega, kando ya barabara bado inauzika. Mimi naona pande zote ziko sawa, shida ni kila mtu anaongelea chombo chake.

Tuanze na kikombe. Moto wa wazi mara nyingi haufiki digrii 900 kwa hivyo udongo unabaki na vitundu, hata ukipaka gleizi (ule mpako unaoyeyuka ukawa kama kioo) ya moto mdogo, pale chini kwenye kitako maji yananyonywa tu, na gleizi ikianza kupata nyufa chai inaingia ndani na harufu haitoki tena. Kwa koni 6 feldspa, madini yaliyo kwa udongo, inayeyuka inaziba vile vitundu, na mchanganyiko mzuri hunyonya maji chini ya asilimia 2 hivi. Kwa vikombe na sahani sioni cha kubishania.

Lakini sasa peleka mtungi wa maji kwa huo moto uone. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoa jasho, yale maji yanayopenya yakikauka nje yanaondoka na joto, sasa ukiziba vitundu umebaki na ndoo nzito ya bei ghali. Chungu cha kupikia ndio kabisa, ule udongo wenye vitundu ndio huvumilia moto wa mafiga, kilichokazwa kwa koni 6 ukikitia juu ya makaa kinapasuka. Udongo wa ndani ya jiko la makaa pia ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mama wa Ilesi anayeuza mitungi hajachelewa popote, anachoma vile bidhaa yake inataka.

Halafu kuna hii kitu watu wanaruka: udongo wenyewe. Udongo wetu mwekundu uko na chuma mingi na chuma huharakisha kuyeyuka. Chukua kipande, kiweke kwa kisahani cha udongo wa moto mkali usije ukaharibu shelfu ya tanuri, choma hadi koni 6. Mara nyingi kinatoka kahawia iliyokolea, kimevimba malengelenge, kingo zimelala, na kikizidiwa kinamwagika kabisa. Kuutumia inabidi uchanganye na kaolini, udongo mweupe unaovumilia moto, ambao uko hata Eburru huko kaunti ya Nakuru, na mchanga laini wa silika, na ujaribu vipimo mpaka usimame. Ama chombo chenyewe ukifinyange kwa udongo mwingine unaovumilia koni 6, na huu mwekundu uufanye gleizi! Uchuje vizuri, ongeza friti (unga wa kioo) yenye boroni kidogo ya kusaidia kuyeyuka, kwa moto huo huo unakuwa kahawia inayong'aa bila kununua rangi ya mtu. Hii kwangu ndio faida tamu kuliko zote na sisikii mtu akiitaja.

Kuhusu stima, tanuri ya kilowati 9 inavuta karibu ampea 38 kwa volti 240, waya wa soketi ya kawaida hauwezi, na uchomaji mmoja unaweza kula unit 40 au 50, hesabu na bei ya tokeni yako, tena mara mbili maana unachoma kwanza bila gleizi. Stima ikipotea katikati vyombo kawaida haviharibiki, unawasha tena na kuangalia koni. Moshi hakuna, na sehemu kubwa ya stima yetu inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria kwa hivyo wa kuni hapo hawana jibu. Ila yale madoa meusi ya moto ambayo wateja wengine wanayapenda, tanuri ya stima haikupi.

Kikundi kinachotaka mkopo wa tanuri ningekiambia kitafute kwanza chuo chenye tanuri, kilipie nafasi ya vipande kumi vya majaribio vya udongo wao wenyewe, matokeo yakitoka ndio waende benki, na mitungi iendelee kule nje kwa kuni.