Pasi ya Ujerumani ndiyo itakayonirudisha Kibosho

Baba mdogo ameniandikia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo maneno manne tu: "Mshika mbili moja humponyoka." Alikuwa amesikia kwamba nimefanya mtihani wa uraia wa Ujerumani nikafaulu, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwake shauri lilikuwa limekwisha: kijana amewakana kwao. Binamu zangu wakaunga mkono, na mmoja akaongeza kwamba uzalendo una gharama zake.

Sikumjibu palepale. Yule ni baba yangu, na ukoo mzima ulikuwa unasoma. Namjibu hapa, kwa heshima zote, lakini bila kuficha kitu.

Watu wengi wanaamini kwamba anayetafuta pasi ya nje ni mtu aliyekwisha kuwapa kwao mgongo. Kwangu mimi ni kinyume. Naitafuta ili niweze kurudi nyumbani, Kibosho, Kilimanjaro, na kukaa.

Mama alivunjika nyonga wakati wa masika, aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe. Nikaomba likizo bila mshahara, nikapanda ndege. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee Hamburg. Kazi yangu ni kuwainua wazee wa watu, kuwaosha, kuwageuza wasipate vidonda vya kulalia. Safari hii nilikuwa namfanyia mama yangu. Unapitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya mapaja, unamwambia avute pumzi, kisha mnahesabu pamoja: moja, mbili, tatu. Mama alikuwa akihesabu kwa Kichaga. Taratibu akaanza kusimama na fremu ya kutembelea, akasogea hatua chache hadi mlangoni, akashika mwimo, akapumzika, akaniambia kesho tutafika kwenye zizi. Na mimi wakati wote huo nilikuwa naangalia kalenda.

Kibali changu kinaitwa cha ukaazi wa kudumu, lakini kwa sheria ya Ujerumani ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita kinakufa. Unaweza kuomba muda zaidi kabla hujaondoka, na wanaweza kukukatalia. Waliokwisha kuishi kule kihalali miaka 15 na wanaojitegemea wameondolewa mzigo huo, ila mimi sijafika. Kibali kikifa, kazi inakwenda nacho, na pamoja na kazi zinakwenda dawa za mama na ada za watoto wa dada. Nikaondoka mama akiwa bado anashikwa mkono kwenda chooni. Raia wa Ujerumani hahesabiwi miezi. Angeweza kukaa Kibosho hata miaka mitatu akimuuguza mama yake, kisha akarudi Hamburg siku anayotaka.

Sasa hapo ndipo sheria ya kwetu inaponikamata. Wajerumani wenyewe waliacha kumlazimisha mtu aukane uraia wake wa asili. Tangu tarehe 27 Juni 2024 wanakupa wao na hawakuulizi wa kwenu. Atakayeninyang'anya wa kwangu ni Tanzania. Siku nitakapopokea cheti cha uraia wa Ujerumani, Sheria ya Uraia ya 1995 haitanitambua tena, na nitakuwa wa kulipia viza dola 50, nipewe siku 90, ili nikamuuguze mama aliyenizaa. Upande mmoja unanizuia kukaa kwetu kwa sababu si raia wake, upande wa pili utanizuia kwa sababu nimekuwa raia wa ule upande wa kwanza. Ni mama anayelipa.

Kuna Mkenya tunayeingia naye zamu za usiku. Alipopata uraia wa Ujerumani alimpigia mama yake simu wakafurahi, basi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Uganda wanaruhusu, Rwanda wanaruhusu, Burundi wanaruhusu. Hawa ndio majirani zetu, tunakaa nao Jumuiya moja.

Hoja ya usalama naijua. Mwizi wa mali ya umma mwenye pasi mbili ana pa kukimbilia, ni kweli. Lakini Kenya walilifikiria hilo: ibara ya 78 inamzuia mwenye uraia wa nchi mbili kushika nyadhifa za juu za dola. Tufanye hivyo hivyo. Mimi sitafuti ubunge.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba Serikali imesogea kidogo kwa kuleta Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Suala la ardhi kwangu ni zito. Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu Wachaga kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, ni changu, na kaburi lake limo humo, katikati ya migomba. Sheria ya Ardhi ya 1999 humpa mgeni ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na kihamba hakikupandwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo hadhi hiyo nitaiomba na nitashukuru nikiipata. Lakini bado ni hadhi ya mgeni. Hupigi kura nayo. Na binti yangu, ambaye leo ni Mtanzania na Mjerumani kwa kuzaliwa, akifika miaka 18 ataambiwa aukane upande mmoja.

Nchi yetu ina moyo mpana kuliko hivyo. Mwaka 2014 iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao, na nilijivunia kuwa Mtanzania. Mapema 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars nao walipewa, karibuni nyumbani. Kama tunaweza kumfanya Mtanzania mtu aliyezaliwa mbali, kwa nini tumfute aliyezaliwa Kibosho, ambaye kitovu chake kimezikwa kule?

Na tusiambiwe tusubiri Katiba mpya. Masharti ya uraia hayamo kwenye Katiba ya 1977, yameachiwa sheria ya Bunge. Tena ibara ya 5 ya Katiba hiyo inaliruhusu Bunge kumwekea mipaka ya kupiga kura raia mwenye uraia wa nchi nyingine, maana yake walioiandika walijua raia wa namna hiyo anaweza kuwapo.

Baba mdogo, nimeamua. Maombi nayapeleka mwezi ujao, kwa ajili ya mama. Katika miji mingi ya huku hukaa mwaka mzima na ushei kabla hayajajibiwa, na muda huo unawatosha wabunge wetu kurekebisha sheria moja.