Mkwamo si kuvunjika
Mhariri, habari mliyochapisha inasema mazungumzo ya amani "yamevunjika", halafu aya mbili chini tunaambiwa pande zote zitakutana tena wiki ijayo. Hapo kuna mkwamo tu, na tofauti hiyo ina uzito wake. Gari likikwama matopeni injini hunguruma, magurudumu huzunguka, ila halisogei. Halijafa. Ndivyo tunavyosema kila siku: kesi imekwama, mshahara umekwama, mfupa umemkwama kooni. Mvutano nao ni jambo jingine, maana watu huweza kuvutana asubuhi na wakafikia mwafaka jioni hiyohiyo.

Tazameni Ubelgiji. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010, ilichukua siku 541 kupata serikali mpya, mpaka Desemba 2011. Katika kipindi hicho vyama viliendelea kutafuta mwafaka, waziri mkuu aliyekuwepo akishika usukani kwa kazi za kila siku. Mkwamo hasa ndio huo. Ukiandika "yamevunjika", unamkatisha tamaa bure msomaji mwenye ndugu zake kwenye vita hivyo. Mhariri, tafadhali rekebisha kichwa cha habari leo hii.